Kusomea na Kufuzu Uuguzi wa Wanyama: Mwongozo Kamili kwa Wanaokwama Njiani

Wengi wa wanafunzi niliowasimamia ambao walikwama kabla ya kusajiliwa hawakukwamishwa na ugumu wa masomo. Walikwamishwa na mambo matatu yaleyale: kozi isiyotambuliwa na chombo cha usajili, saa za mafunzo kwa vitendo zisizo na saini, na hesabu za dawa na dripu zilizofanywa kwa kukisia. Kwa sababu hiyo mambo hayo matatu yamepewa hapa nafasi kubwa kuliko mengine, na msomaji aliyekwishavuka hatua fulani anaweza kuiruka bila hofu.

Jambo moja lieleweke tangu mwanzo. Muuguzi wa wanyama si daktari mdogo wala si mfagiaji wa vizimba aliyepandishwa cheo. Ni mtu anayefuatilia mgonjwa aliye chini ya nusukaputi, anayeandaa chumba cha upasuaji, anayetoa dawa alizoandika daktari, anayepiga eksirei, anayepima damu na mkojo maabara, na anayemlisha mgonjwa asiyetaka kula. Nchini Marekani na Kanada kazi inayokaribiana sana na hii huitwa ufundi wa tiba ya wanyama, kwa hiyo unapotafuta kozi usishangae kukuta jina tofauti.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Nyaraka: vyeti vya sekondari vyenye alama za hisabati, sayansi na lugha ya kufundishia; kitambulisho; na kumbukumbu ya chanjo. Chanjo ya pepopunda ni ya lazima kwa akili ya kawaida, kwa kuwa utaumwa na kuparurwa. Chanjo ya kichaa cha mbwa inahitajika mahali popote ambapo ugonjwa huo upo, nayo ichomwe kabla hujaanza kushika wanyama, si baada ya kuumwa mara ya kwanza.

Vifaa vya mkononi ni vichache:

- Saa yenye mshale wa sekunde. Simu haifai, kwa sababu hairuhusiwi kwenye chumba cha mtihani na hubeba vijidudu kutoka kizimba hadi kizimba.
- Stetoskopu yako mwenyewe, kwa kuwa sikio huzoea kifaa kimoja.
- Kikokotoo cha kawaida kisicho na intaneti.
- Mkasi wa bandeji wenye ncha butu upande mmoja.
- Daftari gumu lenye kurasa zilizoshonwa, lisilochanika, na kalamu ya wino usiofutika.
- Sare mbili au zaidi na viatu vilivyofunikwa visivyoteleza.

Vitabu usivinunue bado. Subiri orodha ya chuo, maana toleo la zamani la kitabu cha dawa linaweza kukugharimu zaidi ya bei yake.

## Hatua ya 1: Anza na rejista, si na chuo

Wanafunzi wengi huchagua chuo kwanza, kisha wakimaliza ndipo huuliza kama cheti chao kinakubalika. Mpangilio sahihi ni kinyume chake. Amua ni nchi gani unakusudia kufanyia kazi, tafuta chombo kinachoandikisha wauguzi wa wanyama nchini humo, fungua orodha yake ya kozi zilizoidhinishwa, na uchague chuo kutoka ndani ya orodha hiyo peke yake.

Mifano miwili itaonyesha jinsi njia zinavyotofautiana. Nchini Uingereza chombo husika ni RCVS (Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Wanyama), na mwanafunzi hufika kwenye rejista kwa kupitia stashahada ya ngazi ya 3 au kwa shahada ya chuo kikuu. Stashahada ni fupi na humzamisha mtu kazini mapema. Shahada ni ndefu na hufungua mlango wa ualimu na utafiti, lakini mbele ya mgonjwa wahitimu wa njia zote mbili wana mamlaka yaleyale. Nchini Marekani programu huidhinishwa na AVMA (Chama cha Madaktari wa Wanyama cha Marekani), kisha mhitimu hufanya mtihani wa taifa uitwao VTNE kabla ya kuomba leseni au cheti cha jimbo lake.

Kiulize chuo maswali haya kwa maandishi, nawe ujibiwe kwa maandishi: idhini ya kozi inaisha lini, na mimi nitamaliza lini? Je, kumaliza kozi hii kunaniruhusu kuomba usajili moja kwa moja, au kuna mtihani mwingine wa nje? Ikiwa masomo yanatolewa kwa njia ya mtandao, mafunzo ya vitendo yanafanyika wapi na chini ya nani?

Onyo: zipo kozi fupi za usaidizi wa huduma za wanyama zenye majina yanayofanana sana na ya uuguzi. Nyingine ni nzuri kama ngazi ya kuingilia, lakini hazikupeleki kwenye rejista.

Utajua umefanikiwa pale jina la kozi kwenye barua yako ya kukubaliwa litakapolingana, neno kwa neno, na jina lililo kwenye orodha ya chombo cha usajili.

## Hatua ya 2: Pata kituo cha mafunzo kabla ya kulipa ada yote

Darasa bila kituo cha mafunzo ni nusu ya kozi. Baadhi ya vyuo humtafutia mwanafunzi kituo, vingine humwachia ajitafutie, na ni hawa wa pili ambao hujikuta mwezi wa tatu hawana pa kwenda. Uliza pia kama kituo chenyewe kinahitaji kuidhinishwa, kwa sababu saa ulizofanya mahali pasipotambuliwa huenda zisihesabiwe.

Omba kukaa siku mbili kituoni ukitazama tu. Kaa karibu na chumba cha upasuaji na uangalie ni nani anayesimama kichwani pa mgonjwa wakati wa nusukaputi, kama ana chati mkononi, na kama daktari anamsikiliza anaposema kitu. Angalia kama wapo wagonjwa wa kulazwa, maana kituo kinachochanja na kuuza dawa tu hakitakufundisha uuguzi. Kituo chenye vifaa vya kung'aa lakini kisicho na mtu mwenye dakika kumi za kukuelekeza ni kibaya kuliko kituo cha zamani chenye muuguzi mmoja mvumilivu, na kati ya hivyo viwili mimi ningechukua cha pili bila kufikiri.

Mwisho, ulizia jina na sifa za mtu atakayekuwa msimamizi wako. Lazima awe mtu ambaye chombo cha usajili kinaitambua saini yake.

## Hatua ya 3: Jaza daftari la saa kila siku, lisainiwe kila wiki

Nchini Uingereza mwanafunzi anatakiwa kutimiza saa zisizopungua 1,800 za mafunzo kwa vitendo. Ukigawanya kwa saa 40 za wiki unapata wiki 45 kamili, bila kuugua, bila likizo na bila siku za mtihani. Mwanafunzi anayedhani atazifidia mwishoni hajaipiga hesabu hiyo.

Nikiwa mwanafunzi nilipoteza wiki sita kwa uzembe wangu wa kuacha kurasa bila saini. Msimamizi wangu alihama ghafla, na aliyechukua nafasi yake alikataa, kwa haki kabisa, kusaini kazi ambayo hakuiona kwa macho yake. Nilizirudia saa zile zote. Tangu hapo sheria yangu ni moja: Ijumaa daftari linasainiwa, hata kama ni kwa kumsubiri msimamizi mlangoni.

Ubora wa maandishi una uzito sawa na idadi ya saa. Tazama maingizo haya mawili ya siku moja. La kwanza: «Nilisaidia kwenye upasuaji wa paka.» La pili: «Paka jike, kilo 3.2, kufungwa kizazi. Nilifuatilia nusukaputi kwa dakika 35 na kurekodi kila dakika 5. Dakika ya 20 pumzi zilishuka hadi 6 kwa dakika. Nilimwarifu daktari, akapunguza gesi, na baada ya dakika 4 zilirudi kwenye 12.» La kwanza linaonyesha tu kwamba ulikuwepo. La pili linaonyesha kuwa uliona, ulipima, ulisema na ulifuatilia, na hayo ndiyo mtahini anayotafuta.

Usiandike jina la mwenye mnyama wala namba yake ya simu. Tumia namba ya faili ya mgonjwa. Na usiandike kamwe saa ambazo hukuzifanya, kwa sababu usajili hujengwa juu ya uaminifu, na kosa la daftari la uongo linaweza kukufungia mlango hata baada ya kufaulu mitihani yote.

Dalili ya mafanikio: daktari asiyekujua akifungua ukurasa wowote anaweza kueleza ulichokifanya siku hiyo bila kukuuliza swali.

## Hatua ya 4: Zimudu hesabu mpaka zisikutie jasho

Hapa ndipo wanafunzi wazuri huangukia. Hesabu zenyewe ni kuzidisha na kugawanya tu, lakini wanafunzi huruka hatua ya kubadilisha vipimo. Fanya kila hesabu kwa mistari mitatu iliyoandikwa: nahitaji miligramu ngapi, kila mililita ina miligramu ngapi, kwa hiyo nivute mililita ngapi.

### Dozi ya sindano

Mbwa ana kilo 18. Daktari ameandika miligramu 4 kwa kila kilo. Chupa imeandikwa asilimia 5.

Mstari wa kwanza: 18 × 4 = miligramu 72.

Mstari wa pili ndio mtego. Asilimia 5 maana yake ni gramu 5 ndani ya mililita 100, yaani miligramu 5,000 ndani ya mililita 100, yaani miligramu 50 kwa kila mililita. Njia ya mkato ni kuzidisha asilimia kwa 10. Mwanafunzi anayechukua 5 kama ilivyo atagawanya 72 kwa 5, apate mililita 14.4, na kumchoma mbwa huyo dozi mara kumi ya iliyokusudiwa.

Mstari wa tatu: 72 ÷ 50 = mililita 1.44.

Kabla ya kuvuta dawa jiulize kama jibu lina akili. Mililita 14 chini ya ngozi ya mbwa wa kilo 18 kwa dawa ya kawaida ya maumivu ingepaswa kukushtua hata kabla hujarudia hesabu. Kisha chagua bomba la sindano linalolingana na jibu: bomba la mililita 2 halikuonyeshi 1.44 barabara, kwa hiyo mwulize daktari kama 1.4 inatosha, badala ya kukadiria mwenyewe kati ya mistari. Unapoandika, weka sifuri kabla ya nukta, 0.5, na usiweke sifuri baada yake, kwa kuwa 5.0 ambayo nukta yake imefifia husomwa 50.

### Kasi ya dripu

Mbwa yuleyule wa kilo 18 anatakiwa kupata maji mililita 2 kwa kila kilo kwa saa. Seti ya dripu imeandikwa matone 20 kwa mililita.

18 × 2 = mililita 36 kwa saa. 36 × 20 = matone 720 kwa saa. 720 ÷ 60 = matone 12 kwa dakika. 60 ÷ 12 = tone moja kila sekunde 5.

Usiishie kwenye matone 12 kwa dakika. Nenda hadi sekunde kati ya tone na tone, kwa sababu hicho ndicho unachoweza kukiona ukiwa umesimama mbele ya mfuko na saa mkononi. Hesabu kwa nusu dakika: yakidondoka matone 6, umeweka sawa.

Sasa chukua paka wa kilo 4 kwa kiwango kilekile. Anahitaji mililita 8 kwa saa. Kwa seti ya matone 20 hiyo ni matone 160 kwa saa, chini kidogo ya matone 3 kwa dakika, na hakuna jicho linaloweza kurekebisha kitu hicho kwa uhakika. Kwa seti ya matone 60 unapata matone 8 kwa dakika, tone moja kila sekunde 7.5. Hiyo ndiyo sababu seti ya matone madogo huwekwa kwa wanyama wadogo, na mtahini hupenda sana kuuliza kwa nini uliichagua.

Malizia kwa kukadiria saa ambayo mfuko utakwisha. Mfuko wa mililita 500 kwa kasi ya 36 kwa saa utadumu chini kidogo ya saa 14. Andika muda huo kwenye mfuko kwa mfumo wa saa 24, ili wa zamu ya usiku asikute mfuko mtupu.

### Kiasi cha oksijeni

Kwa mzingo wa kupumulia (mabomba yanayompelekea mgonjwa oksijeni na gesi ya nusukaputi) ambao mgonjwa harudii kuvuta pumzi yake, kanuni ni hii: uzito, mara mililita za pumzi moja kwa kila kilo, mara idadi ya pumzi kwa dakika, mara kigezo cha mzingo. Paka wa kilo 4, mililita 15 kwa kilo, pumzi 20, kigezo 2.5: 4 × 15 = 60; 60 × 20 = 1,200; 1,200 × 2.5 = mililita 3,000, yaani lita 3 kwa dakika. Kigezo hubadilika kulingana na aina ya mzingo, kwa hiyo jifunze kigezo cha kila mzingo ulio nao kituoni.

Fanya hesabu tano kila asubuhi kwa miezi miwili, kwa karatasi, ukitumia uzito wa wagonjwa halisi waliolazwa siku hiyo, kisha linganisha na zilizoandikwa na daktari. Umefanikiwa ukipata majibu ishirini mfululizo bila kosa huku mtu akikusemesha pembeni.

## Hatua ya 5: Fundisha mikono

Kazi za mikono ni nyingi kuliko ninazoweza kuzieleza hapa. Nitagusa zile ambazo nimeona wanafunzi wakianguka kwazo tena na tena.

Kunawa na kuvaa glavu za upasuaji. Vidole huwa juu na viwiko chini muda wote, ili maji machafu yateremke kuelekea kiwiko na yasirudi vidoleni. Ukigusa bomba, sinki au sare yako, umejichafua, hata kama hakuna aliyeona. Katika mtihani sema kwa sauti, «nimejichafua, naanza upya», kisha uanze upya. Kuficha kosa la aina hiyo ni kubaya kuliko kosa lenyewe, na watahini huliona.

Kutakasa vifaa. Kwa otoklevu, yaani chombo kinachotakasa vifaa kwa mvuke wa moto wenye shinikizo, viwango viwili vinavyotumika sana ni nyuzi 121 za Selsiasi kwa dakika 15 na nyuzi 134 kwa dakika 3, na muda huo huhesabiwa baada ya joto kufikiwa. Mkanda wa nje unaobadilika rangi unakuambia tu kwamba pakiti ilipitia jotoni. Haukuambii kwamba mvuke ulifika katikati. Ndiyo maana kipande cha kiashirio huwekwa ndani ya pakiti, na ndiyo maana pakiti hazisukumizwi kwa nguvu ndani ya chombo. Pakiti iliyolowa huhesabiwa kuwa chafu.

Kufunga bandeji ya mguu. Weka pamba kati ya vidole, anza chini na upande juu, ili damu isibanwe ikabaki chini. Acha ncha za vidole viwili vya kati zionekane. Vidole hivyo ndivyo vitakavyokuambia kama bandeji inabana: vikivimba, vikitanuka au vikiwa baridi, fungua mara moja. Wanafunzi wengi hufunga bandeji nzuri ya kupendeza iliyofunika kila kitu, wakashangaa kunyimwa alama.

Kukagua mashine ya nusukaputi. Kagua kwa mpangilio uleule kila siku: mtungi wa oksijeni na shinikizo lake, kipima mtiririko, dawa iliyomo kwenye kifaa cha kugeuza dawa kuwa gesi, mzingo wa kupumulia, na bomba la kutolea gesi chafu nje. Ili kupima kama mzingo unavuja, unafunga vali ya kutolea hewa, unaziba mwisho wa mzingo, unajaza mfuko oksijeni mpaka uwe mgumu, kisha unasubiri uone kama utalegea.

Onyo kubwa kuliko yote katika mwongozo huu: ukimaliza kipimo hicho, fungua vali. Mgonjwa akiunganishwa kwenye mzingo wenye vali iliyofungwa hawezi kutoa pumzi, mapafu yanajaa, damu inashindwa kurudi kwenye moyo, naye anaweza kufa ndani ya dakika chache. Jizoeze kuigusa vali kwa mkono na kusema «imefunguliwa» kabla ya kila mgonjwa, hata kama umeikagua dakika mbili zilizopita.

Kusoma kina cha usingizi. Kwa mbwa na paka walio kwenye kina kinachofaa kwa upasuaji, jicho kwa kawaida huzunguka na kutazama chini kuelekea pua, kope haipepesi au hupepesa kwa uvivu, na taya hulegea. Tatizo ni kwamba jicho hurudi katikati mgonjwa anapoelekea kuamka, na pia hurudi katikati anapozama kupita kiasi. Anayeamka atapepesa kope ukigusa pembe ya jicho, na taya yake itakaza. Aliyezama hatapepesa kabisa, mboni itakuwa pana, na pumzi zitakuwa chache na hafifu. Kuongeza gesi kwa mgonjwa wa pili kwa kudhani ni wa kwanza ni kumuua. Zingatia pia kwamba kwa mgonjwa aliyepewa ketamini, mojawapo ya dawa za nusukaputi, jicho hubaki katikati, kwa hiyo soma chati ya dawa kabla ya kulisoma jicho.

Bonyeza ufizi, achia, hesabu: rangi ya waridi irudi ndani ya sekunde 2. Andika mapigo, pumzi na rangi ya ufizi kila dakika 5, kwa kuwa hatari huonekana kwenye mwelekeo wa namba kabla ya kuonekana kwenye namba moja.

Eksirei. Usimshike mgonjwa kwa mikono pale anapoweza kulazwa kwa dawa na kuegemezwa kwa mifuko ya mchanga na kamba. Umbali ndio kinga ya bei rahisi: ukiongeza umbali mara mbili kutoka kwenye chanzo, mionzi inayokufikia hupungua hadi robo.

## Hatua ya 6: Mtihani wa nadharia

Sehemu hii haihitaji maneno mengi. Mtihani wa VTNE una maswali 170 ya kuchagua jibu, ambapo 150 ndiyo yanayohesabiwa na 20 ni ya majaribio yasiyotambulishwa, nayo hufanywa kwa saa 3. Hiyo ni zaidi kidogo ya dakika moja kwa swali, kwa hiyo swali likikukataa liache, uendelee, kisha ulirudie.

Katika kujiandaa, gawanya muda kulingana na udhaifu wako na si kulingana na unachokipenda. Kila mtu hupenda kusoma habari za dharura. Wachache husoma lishe, minyoo na vimelea, na udhibiti wa maambukizi, ambako alama ni rahisi zaidi kuzipata.

## Hatua ya 7: Mtihani wa vitendo

Katika mitihani ya vituo mwanafunzi hupita kituo kimoja hadi kingine, kila kimoja kikiwa na kazi moja, dakika chache na mtahini mwenye orodha ya vipengele. Mtahini hawezi kukupa alama kwa jambo ulilolifikiria tu kichwani. Kwa hiyo fanya kwa mikono na utamke kwa mdomo: «nathibitisha jina la mgonjwa na namba yake», «nakagua tarehe ya mwisho wa matumizi», «natupa sindano kwenye chombo cha vitu vyenye ncha kali».

Soma maelekezo mlangoni mara mbili. Yakisema andaa sindano, usiichome. Yakisema funga bandeji mguu wa mbele wa kushoto, hakikisha ni wa kushoto wa mgonjwa, si wa kwako unayemtazama. Nimewahi kumwona mwanafunzi hodari akifunga bandeji isiyo na dosari kwenye mguu ambao sio ulioagizwa.

Fanya mazoezi na mwenzako akiwa mtahini, kwa saa inayohesabu, na mwombe asicheke, asitikise kichwa, asikusaidie. Ukimaliza kila kazi ukiwa umebakiza dakika moja, mara tatu mfululizo, kituo hicho umekiweza.

Ukianguka kituo kimoja, kiache mlangoni. Wanaobeba kosa la kituo cha pili hadi cha sita ndio wanaoanguka vyote vitano.

## Hatua ya 8: Usajili na mipaka ya kazi

Kufaulu peke yake hakukufanyi muuguzi aliyesajiliwa. Tuma maombi mara matokeo yatokapo, ukiambatisha uthibitisho wa chuo, daftari la saa lililokamilika, kitambulisho na tamko la tabia njema pale linapotakiwa. Hakikisha jina limeandikwa vilevile kwenye kila karatasi; tofauti ya herufi moja inatosha kurudisha faili lako.

Mpaka jina lako lionekane kwenye rejista, endelea kufanya kazi kama mwanafunzi, chini ya usimamizi, hata kama kila mtu kituoni anakupongeza.

Baada ya hapo jifunze mipaka yako kwa undani uleule uliojifunza hesabu. Kutambua ugonjwa, kuandika dawa na kufanya upasuaji mkubwa ni kazi ya daktari. Nchini Uingereza, Jedwali la 3 la sheria ya madaktari wa wanyama ya mwaka 1966 linamruhusu muuguzi aliyesajiliwa kutoa tiba na kufanya upasuaji mdogo usioingia kwenye uwazi wa mwili, kwa maelekezo ya daktari, kwa mnyama aliye chini ya uangalizi wa daktari huyo. Kushona jeraha la ngozi kunaweza kuingia humo. Kufungua tumbo hakuingii, hata daktari akikubembeleza usiku wa manane.

Usajili huhuishwa kwa vipindi. RCVS huwataka wauguzi wafanye saa 15 za kujiendeleza kila mwaka, na hesabu hiyo haisubiri Desemba. Nunua daftari la pili gumu siku unayopokea namba yako ya usajili, andika tarehe kwenye ukurasa wa kwanza, na uingize humo mafunzo ya kwanza utakayohudhuria.